Stara ya Aliyeketi

Wahenga wametuachia msemo kwamba hujafa hujaumbika, nasi tumezoea kuutumia kama kemeo. Mtoto akimcheka mlemavu njiani, mkubwa humwambia: nyamaza, hujafa hujaumbika. Matumizi hayo ni ya haki. Lakini msemo huo una upande wa pili ambao aghalabu hatuutazami. Ikiwa umbile la binadamu halikamiliki mpaka siku ya kufa kwake, basi kila mshonaji huushonea mwili ambao kesho huenda ukawa mwingine, na kila amvikaye mwenziwe hana budi kujiuliza kwanza: mwili ulio mbele yangu leo ni upi?

Swali ninalolileta kwa wasomaji wa kurasa hizi ni dogo kwa sura. Mtu aishiye katika kiti cha magurudumu avae nini, na avae vipi, katika usiku wa mavazi rasmi melini? Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la mafundi cherehani na wauguzi, wala halimhusu mshairi. Mimi naona linatuhusu sote, kwa kuwa ndani yake mna ugomvi wa zamani. Heshima ya vazi ni haki ya macho yanayotazama, au ni haki ya mwili unaovaa? Na mawili hayo yakigombana, nani kadhi?

Sikulipata swali hili kitabuni. Elimu yangu ni ya kujisomea mwenyewe, kamusi mkononi, na mengi niliyoyajua nimeyajua kwa kukosea kwanza. Hili nalo nimelijua kwa kukosea.

Dada yangu mkubwa ameishi Uingereza kwa zaidi ya miaka 30. Aliumia uti wa mgongo katika ajali ya gari, na tangu siku hiyo hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Alipotimiza umri wa miaka 60, wanawe walimlipia safari ya starehe ya baharini ya siku saba, kutoka bandari ya Southampton kwenda Norway na kurudi, nami nikaombwa nifuatane naye. Katika safari za namna hiyo huwapo usiku mmoja au zaidi ambao abiria hutakiwa kujipamba: wanaume kwa suti nyeusi na tai ya kipepeo, wanawake kwa magauni marefu. Ni ada iliyorithiwa kutoka meli kubwa zilizokuwa zikivuka Atlantiki, ambamo abiria wa daraja la kwanza hawakuingia chumba cha kulia jioni ila kwa nguo za usiku. Siku hizi yako makampuni yaliyolegeza sharti hilo, na yako yanayolishikilia bado. Meli yetu ilikuwa na usiku wa namna hiyo mara mbili.

Kabla ya kuondoka Unguja nilikwenda Darajani, nikanunua satini nzuri ya rangi ya zambarau, nikaipeleka kwa fundi wangu. Akaniuliza vipimo. Nikampa vile vilivyokuwamo katika daftari langu tangu dada alipokuja nyumbani kwa arusi ya binamu yetu, akitembea kwa miguu yake. Sikuona ajabu yoyote. Unene wake ulikuwa uleule na urefu wake uleule. Kwa nini nipime tena? Fundi alishona gauni refu lenye mikono mipana, zipu ndefu mgongoni, na kijimkia nyuma cha kuburuta. Likitundikwa ukutani lilikuwa la kutamaniwa na bibi arusi.

Usiku wa kwanza nilimvika. Mbele kitambaa kilirundikana mapajani kama tanga lililotuliwa. Nyuma kilivutika hata ukosi ukarudi mgongoni na shingo ikabaki wazi kuliko alivyopenda. Mikono mipana ilikuwa ikigusa magurudumu kila alipojisukuma, na kabla hatujafika kwenye lifti ilikuwa imekwisha kuingia uchafu. Pindo ilibidi nilishike mimi, nikitembea kandoye nimeinama, lisije likaliwa na gurudumu. Wasomaji wa habari za wasanii watakumbuka kwamba mcheza ngoma Isadora Duncan alikufa mjini Nice mwaka 1927, shali yake ndefu iliponasa katika gurudumu la gari alimokuwa amepanda. Nguo inayoning'inia karibu na gurudumu si ya kufanyiwa mzaha.

Baya zaidi lilikuwa lisiloonekana. Satini huteleza. Juu ya mto wa kiti dada alikuwa akiporomoka kidogo kidogo kwenda mbele, na kila baada ya dakika chache akijinyanyua kwa mikono ili arudi nyuma. Nilipomuuliza, akanijibu, "Gauni zuri, mdogo wangu." Alikaa hivyo saa tatu. Mhudumu alipokuja, aliniuliza mimi huyu bibi atakula nini. Dada akamjibu mwenyewe kwa Kiingereza safi kuliko changu.

Kabla ya kurudi chumbani tulipita kwa mpiga picha, maana usiku huo kila abiria hupigwa picha. Nami, kwa kudhani nafanya wema, nikavua shali yangu nikaitandaza juu ya magurudumu yasionekane. Dada alinitazama, asiseme kitu. Picha ile ninayo. Ndani yake yumo mwanamke mwenye uso mzuri anayeelea juu ya kilima cha nguo, na mtu asiyejua hawezi kueleza ameketi juu ya nini.

Tulipofika chumbani nikamvua. Chini ya uti wa mgongo, pale ilipoishia zipu, palikuwa na alama nyembamba, iliyokoza kuliko ngozi ya pembeni. Katika ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo alikuwa amekwisha kunifundisha kupapasa. Nikapapasa, nikakuta joto na ugumu. Yeye hakuwa amesikia lolote. Mwenye hisia akikaliwa na kifungo hujisogeza hata bila ya kukusudia. Asiye na hisia hukaa juu yake mpaka damu ikome kupita pale, na saa chache za mgandamizo zaweza kuzaa kidonda kitakachochukua miezi kupona. Dawa ya kwanza ni kuondoa uzito mahali pale. Basi kesho yake, siku ambayo meli iliingia katika ghuba nyembamba ya Geiranger, iliyotiwa mwaka 2005 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ambako bahari imejipenyeza baina ya milima na maporomoko ya maji, dada yangu alilala ubavu tangu asubuhi hata magharibi. Aliiona milima ile kwa kadiri ya dirisha. Wala hakunilaumu. Alisema tu, "Umenishonea mtu mwingine."

Nimelitafakari neno hilo siku nyingi. Ni kweli. Nilimshonea dada niliyemkumbuka, aliyekuja arusini akitembea. Dada aliyekuwapo sikumpima. Na nikijihukumu kwa haki, nakuta kwamba kosa langu halikuwa la kupungukiwa na mapenzi. Lilikuwa la kupenda bila ya kuuliza, na kosa la namna hiyo ni gumu kukemewa, kwa kuwa huja likiwa na zawadi mkononi.

Natutazame sasa kazi yenyewe ya nguo. Nguo karibu zote zinazouzwa dukani hukatwa kwa mwili uliosimama. Mtu akiketi, mgongo wake kuanzia kisogoni hadi kitini hudai kitambaa zaidi, na tumbo lake hudai kidogo. Ndiyo maana suruali ya aliyeketi hushuka nyuma, hujikusanya mbele, na pindo zake hupanda juu ya vifundo vya miguu. Koti hukaliwa mkia wake, na likikaliwa husukuma ukosi hadi masikioni. Mshono mnene, mfuko wa nyuma na kifungo cha chuma hugeuka vijiwe chini ya mwenye kuketi. Viatu vilivyomkaa asubuhi humbana jioni, kwa sababu miguu isiyotembea huvimba. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kasoro ya mwili. Ni kasoro ya kipimo.

Wapo walioligundua jambo hili na kulitendea kazi. Mbunifu wa mavazi wa Canada, Izzy Camilleri, alianza kwa kushonea wateja wanaotumia viti vya magurudumu, akagundua kwamba haitoshi kupunguza hapa na kuongeza pale, bali nguo yote yafaa ikatwe upya kwa umbo la kuketi: suruali iliyoinuka nyuma na kushuka mbele, koti refu kwa mbele na fupi kwa nyuma lisikaliwe. Mwaka 2014 kazi zake zilioneshwa Toronto katika jumba la makumbusho la Royal Ontario Museum. Nguo hizo ukizitundika wima huonekana zimepotoka. Ziweke kitini utaziona zimenyooka.

Na hapo pana jambo la kuchekesha kidogo. Karamu ya usiku wa mavazi rasmi huliwa kwa kuketi. Watu mamia kwa mamia huingia, huketi, hula, husikiliza muziki wakiwa wameketi, na usiku kucha hujivuta koti na kulegeza kiuno, wote wamevaa nguo zilizokatwa kwa ajili ya dakika tano za kusimama mlangoni. Basi aliyeketi daima si mgeni katika karamu ile. Yeye ndiye peke yake aliye katika hali ambayo karamu yenyewe inaitaka.

Sasa nije kwa wanaopinga. Wa kwanza husema: kama shida ni raha, basi mwacheni avae dera au nguo ya mazoezi, nani atamlaumu mgonjwa? Neno hili lina huruma ya juu juu. Humpa mtu raha na kumnyang'anya nafasi. Dada yangu si mgonjwa. Ni mtu mwenye mwili wa namna fulani, na siku ile alitaka kupendeza kama walivyotaka wenziwe. Kumwambia avae lolote ni kumwambia kwamba hatazamwi. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, na ndani yake mna kifungu kizima, cha 30, kinachotaja haki ya kushiriki utamaduni, burudani na mapumziko. Waandishi wa mkataba ule walijua kwamba mtu haishi kwa tiba pekee.

Wa pili husema: urembo haujapata kuwa bila ya maumivu, mbona wanawake wanavaa viatu virefu vinavyowaumiza? Hili lina nguvu zaidi, na silipuuzi. Lakini anayevaa kiatu kirefu anajua kinapomuuma, na akichoka hukivua chini ya meza. Maumivu aliyoyachagua mtu, anayoyasikia na anayoweza kuyakatiza ni mali yake. Madhara yanayomfika asiyeyasikia, kwa mkono wa mwingine, ni amana iliyokosewa. Anayemvika asiye na hisia amekuwa hisia zake. Yampasa alinyooshe kila kunjo chini ya mapaja, akumbuke kwamba wengi walioumia uti wa mgongo mwili wao hauwezi vyema kujilinda na baridi wala joto, na aukague mwili usiku kama alivyoukagua asubuhi.

Wa tatu ndio wanaonigusa mimi mwenyewe, kwani hoja yao ndiyo niliyoitenda. Wao husema: stara. Sisi watu wa pwani neno hili tunalipenda, nasi tuna haki ya kulipenda. Kumsitiri mtu ni katika mambo bora ya uungwana. Je, kufunika magurudumu mbele ya mpiga picha si stara?

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipooza miguu mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 39, kisha akaiongoza nchi yake tangu 1933 hadi alipofariki 1945. Vyuma vya miguu yake vilipakwa rangi nyeusi vipotelee katika soksi na viatu. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, alijitanda joho la wanamaji, ambalo kwa mtu aliyeketi ni jepesi kulivaa kuliko koti la mikono. Hayo aliyachagua mwenyewe, kwa sababu zake za siasa na za mwili, wala sisi hatuna haki ya kumhukumu. Lakini mwaka 1997 ulipozinduliwa mnara wa kumbukumbu yake mjini Washington, sanamu yake kubwa ilimwonesha ameketi, joho limefunika kiti hata kisijulikane vyema. Watu wenye ulemavu wakalalamika, na mwaka 2001 ikaongezwa sanamu nyingine inayomwonesha wazi katika kiti chake cha magurudumu. Joho lilikuwa lilelile kwa mfano, tofauti ni mkono ulioliweka. Alipojifunika mwenyewe ilikuwa stara. Walipomfunika wengine, naye hayupo wa kuulizwa, ikawa kuficha.

Hapo ndipo ninapoona jibu la ugomvi niliouanza. Kadhi ni mwenye mwili. Stara ni haki anayoidai anayesitiriwa: yeye ndiye ajuaye ana haya na nini. Dada yangu anaona haya shingo yake ikiwa wazi, na gauni langu liliiacha wazi. Kiti hakioni haya hata kidogo. Ndicho kinachomfikisha sokoni, msikitini na kwa wajukuu. Mimi nilikifunika kisichomtia haya, nikamfunua panapomtia haya, na nikaiita kazi yangu stara. Kweli nguo ya kuazima haisitiri matako, na kipimo cha kuazima nacho ni hivyo hivyo, hata kikiazimwa kwa mtu yuleyule alivyokuwa zamani.

Usiku wa pili rasmi alijivika mwenyewe, mimi nikimpa mkono alipohitaji. Alitoa sandukuni suruali nyeusi ya kitambaa laini, yenye mpira kiunoni, isiyo na mifuko nyuma. Juu yake blauzi ya rangi ya dhahabu iliyoishia pale mapaja yanapoanza, mikono yake imebana kwenye vifundo. Mtandio aliuzungusha shingoni na kuzichomeka ncha zake ndani. Mapambo yote aliyaweka juu, masikioni na kifuani, kwa sababu, alivyoniambia, mezani watu huonana kuanzia kifuani kwenda juu, yeye na Kapteni mamoja. Viatu vyake vilikuwa vimezidi kipimo kwa namba moja. Alivipangusa vyuma vya kiti kwa kitambaa mpaka vikang'aa, kama mtu apakavyo rangi viatu. Kisha akaenda kupiga picha.

Niliporudi Unguja nilikumbuka viti vya enzi vya pwani yetu, ambavyo mfano wake bado waonekana katika nyumba na makumbusho za Lamu na Unguja: kiti kirefu cha mpingo, kimesukwa kwa nyuzi, kina pa kuegemea mikono na pa kuwekea miguu. Mgeni mtukufu alikalishwa humo na wengine wakasimama. Sisemi kwamba kiti cha dada ni cha enzi. Aliyekaa katika kile aliweza kuondoka alipotaka, na tofauti hiyo si ndogo. Nasema tu kwamba desturi yetu haijapata kuamini kuwa utukufu ni kusimama. Tukimpenda mtu humwambia karibu, kaa kitako.

Nikaenda kwa fundi wangu, nikamweleza yaliyotokea. Yeye ni mtu mzima, ameshona kwa miaka mingi kuliko umri wa wanawe. Akasema, "Bi mkubwa, mimi sijapata kumpima mtu aliyekaa." Kisha akaivuta stuli, akakaa mwenyewe, akajipima kuanzia kisogoni hadi stulini, na kuanzia kiunoni, kupitia gotini, hadi kisiginoni. Akasimama akajipima tena. Alizitazama namba zile mbili kwa muda, akacheka peke yake. Akaniomba nimpigie simu dada, aulizwe yeye.

Gauni jipya lilipokuwa tayari nilitia ndani yake kikaratasi chenye ubeti huu:

Fundi njoo kunipima, nipime nilivyoketi,
Usinikatie wima, nikajikunja kwa koti,
Nawe mwenye kutizama, sogeza na wako kiti,
Heshima si kusimama, ni kuonana kwa dhati.

Dada alijibu baada ya wiki mbili. Ubeti hakuutaja. Alisema nguo imemkaa, ila mkono wa kushoto umezidi inchi moja, na akaniagiza nimwambie fundi airekebishe katika ile ya pili. Nimeifurahia barua hiyo kuliko sifa zote alizonipa usiku ule wa kwanza, maana safari hii aliniambia kweli.